Pima Chungu Kabla ya Kuwasha Moto

Chungu kilitoboka polepole, tundu dogo lisilozidi kichwa cha msumari, upande ule bomba la feni lilipoelekea. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti mjini Arua, Uganda, na mwenye karakana alikuwa ameahidi sufuria kumi na mbili kwa watu wenye harusi siku ya pili yake. Tuliona kwanza kitu king'aacho kama fedha kikidondoka kwenye jivu. Kabla hatujaelewa, matone yakawa mchirizi, na kijana aliyekuwa akichochea makaa akaruka nyuma akipiga kelele, kandambili yake imeshika moto. Alipona, lakini kovu analo kwenye kifundo cha mguu mpaka leo. Alumini yote iliyokwisha kuyeyuka ikagandamana na makaa na majivu, na wenye harusi wakaazima sufuria kwa majirani.

Jioni, tanuri ilipopoa, tulikitoa chungu tukakitazama. Kilikuwa kimekatwa kutoka mtungi wa gesi, kama vilivyo vyungu vya mafundi wengi. Juu, kwenye mdomo, bati lake lilikuwa na unene wa milimita tatu, vilevile kama siku kilipokatwa. Chini, upande wa feni, lilikuwa jembamba kama kopo la maziwa ya unga. Nililisukuma kwa kidole gumba likabonyea. Lililoniuma zaidi ni kwamba ndani ya chungu alama zilikuwa wazi kabisa: vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na mfereji ulioliwa kuzunguka pale alumini ilipofikia kila siku. Tulikuwa tumekibeba kwa koleo mara tano au sita kwa siku, wiki sita mfululizo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiinamisha juani akakikagua ndani sawasawa.

Nawaandikia ninyi ndugu zangu mnaoyeyusha alumini, shaba nyeupe na chuma chakavu katika karakana za Arua, Koboko na vituo vya njiani, na wenye karakana wanaowalipa. Kazi hii imepanuka. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ina lami, na lori la chakavu halilali tena kwenye tope. Wanunuzi nao wameongezeka katika makazi ya wakimbizi: Lobule hapo Koboko, Rhino Camp na Imvepi, na Bidi Bidi ya Yumbe iliyofunguliwa mwaka 2016, kote huko ziko familia zilizofika na nguo za mwilini tu na zinazohitaji chombo cha kupikia. Fundi anayesubu sufuria anafanya kazi ya maana. Nataka aifanye miaka mingi akiwa na miguu yake miwili.

Tuanze na kinachokula chungu, maana ukikijua utajua pa kutazama.

Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, na kwa kumwaga kwenye kalibu inatosha ifike 700 hadi 750. Chuma kinayeyuka mbali sana, zaidi ya 1,500, ndiyo maana tunadhani chungu cha chuma kiko salama. Hakiko salama. Alumini iliyoyeyuka inakila chuma kama maji ya moto yanavyoila sukari, polepole lakini bila kupumzika, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyokila haraka. Kwa nje nako makaa na upepo wa feni vinafanya kazi yao: chuma chekundu kinashika hewa, kinaota magamba meusi, magamba yanadondoka, mengine yanaota. Chungu kinaliwa pande mbili kwa wakati mmoja. Kile chuma kilichoyeyuka ndani hakipotei, kinaingia kwenye sufuria yenyewe, na alumini yenye chuma kingi ni ngumu na inakatika upesi. Mteja akirudi na mkono wa sufuria uliovunjika akalalamika kwamba umechanganya mchanga, pengine ni chungu chako alichouziwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni rangi. Fundi anayefanya kazi chini ya jua kali hawezi kuona rangi ya chungu chake. Kwenye jua, chuma cha nyuzi 700 kinaonekana cheusi. Wekeni tanuri kivulini, chini ya bati lililoinuliwa juu, ili macho yaweze kufanya kazi. Wekundu hafifu ni kama nyuzi 600. Wekundu wa cheri au wa kahawa iliyoiva mtini ni kama 750 hadi 800, na hapo kwa alumini umekwisha fika. Chungu kikigeuka rangi ya chungwa umeshapita 900, unachoma makaa bure na unakila chungu mara mbili. Niliwahi kufanya kazi na fundi aliyekuwa akisubiri rangi ya chungwa kila mara kwa kuwa, alisema, alumini inakimbia vizuri kwenye kalibu. Ni kweli ilikuwa inakimbia. Alikuwa akibadilisha chungu kila mwezi, na sufuria zake zilikuwa na vitundu vya hewa.

Sasa kupima. Asubuhi, kabla ya moto, chungu kikiwa baridi na kikavu, kikwangue ndani kwa patasi butu mpaka chuma chenyewe kionekane. Kishike juu kuelekea mwanga, au ndani ya banda lenye giza weka tochi ndani na uzungushe macho kwa nje. Tundu la ncha ya sindano litaonekana kama nyota. Ukiona nyota hata moja, chungu hicho kimekwisha. Usikizibe kwa udongo, usikichomelee kiraka. Kiraka kitashika siku mbili, kisha bati lililo kandokando yake, ambalo nalo ni jembamba, litaachia lote pamoja.

Lakini kungoja nyota ni kungoja mwisho. Unachotaka ni unene. Tengenezeni kalipa ya waya mnene: vipande viwili vilivyopindwa kama pembe za ng'ombe, vimeunganishwa kwa bolti moja kama mkasi, ncha moja iingie ndani ya chungu na nyingine ibaki nje. Zibane mpaka ziguse bati, kisha kwa msumari chora mstari kwenye maungio ya miguu hiyo. Sasa unaweza kuifungua, kuitoa chunguni, kuirudisha kwenye mstari ule na kupima nafasi iliyo kati ya ncha kwa rula. Pima sehemu nne kuzunguka, pale uso wa alumini unapofikia, na nne nyingine chini, kiganja kimoja kutoka kitakoni. Ile inayotazama bomba la upepo ndiyo itakayokuwa nyembamba, na ndiyo itakayokuua, kwa hiyo usichukue wastani. Chukua ndogo kuliko zote.

Ushauri wangu, na nimeushikilia tangu ile Jumamosi: nusu ya unene ikiisha mahali popote, chungu kinastaafu. Bati la milimita tatu likibaki moja na nusu, basi. Wengine wataniambia kwamba ninatupa chungu chenye wiki mbili za uhai. Huenda. Wiki hizo mbili siwezi kuzipa bei inayolingana na mguu wa kijana.

Kwa asiye na subira ya kalipa kuna mzani. Chungu kipya kipimwe uzito kabla hakijaonja moto, na namba ipigwe kwa patasi kwenye mdomo wake pamoja na tarehe. Kila Jumatatu kikwanguliwe na kipimwe tena. Mzani wa sokoni unaopimia samaki unatosha. Mzani hausemi ni wapi chungu kimeliwa, kwa hiyo hauchukui nafasi ya macho na kalipa, lakini unasema kwa ukweli ni kiasi gani kimeondoka, na wiki ambayo kimepoteza kuliko kawaida itakukumbusha kwamba kuna mtu aliyezidisha feni.

Mambo mawili yanarefusha maisha ya chungu cha chuma. La kwanza ni kukizungusha: piga alama nne mdomoni, na kila asubuhi kigeuze robo, ili upande mmoja usipigwe na upepo daima. Ni jambo dogo mno kiasi kwamba watu wanalidharau. La pili ni kukipaka ndani udongo mweupe laini uliokorogwa kama uji mwepesi, tabaka jembamba, ukauke kivulini, kisha uchomwe taratibu kwenye moto mdogo mpaka kusiwe na dalili ya mvuke. Tabaka hilo linazuia alumini isiguse chuma. Likibanduka, paka tena. Na kama mnaweza kupata chungu kilichotengenezwa kutoka breki ya lori, ile ngoma ya chuma cha kusubu, kitavumilia alumini kuliko bati la mtungi, ila kina ugonjwa wake: kinapasuka kikishtuliwa na baridi. Ufa wa chuma cha kusubu haujionyeshi. Paka nje chaki iliyokorogwa na maji, iache ikauke, kisha ndani pangusa mafuta ya taa kwa kitambaa. Ngoja nusu saa. Palipo na ufa, mafuta yatapenya na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki, wazi kama mwandiko wa mwalimu. Yakaushe na kuyachoma mafuta yote kabla ya kuweka chuma chochote ndani.

Wale wanaoyeyusha shaba nyeupe au chuma cha kusubu hutumia chungu cha grafaiti na udongo, kinachonunuliwa ghali mjini. Hicho hakiliwi kwa namna ileile. Kinaungua taratibu kwa hewa, kinakonda, na kinaota nyufa zisizoonekana. Mzee mmoja wa Kinubi huko Koboko, ambaye amesubu tangu nilipokuwa mtoto, alinifundisha kukisikiliza. Alikitundika chungu kitupu kwenye mkono wake wa kushoto, akakigonga kwa mpini wa kisu. Kikalia kama kengele ya ng'ombe. Akachukua kingine, kwa macho yangu ni kilekile, akakigonga. Kikatoa sauti ya boga. "Mwanangu," akaniambia, "huyu wa pili amekufa, ila bado hajaanguka." Akakitumia kupandia kitunguu.

Nilimwuliza ni nini kinachoviua. Akataja mambo ambayo baadaye nimeyaona kwa macho yangu. Unyevu: chungu kilicholala sakafuni msimu wa mvua kinanyonya maji, na kikipelekwa motoni ghafla yale maji yanakuwa mvuke ndani ya ukuta wake na kuutatua. Kiwekwe juu, karibu na jiko, na kipashwe moto polepole. Vyuma vilivyobanwa: kipande kirefu kikishindiliwa kwa nguvu kitatanuka kikipata moto na kukipasua chungu kutoka ndani. Koleo lisilolingana: linapobana mdomo tu, chungu kinabebwa kwa sehemu yake dhaifu kuliko zote, koleo linatakiwa likumbatie tumbo, chini ya katikati. Na la nne, kuacha masalio yagande ndani usiku. Asubuhi masalio yale yanatanuka kabla hayajayeyuka, na chungu hakina pa kwenda. Mwageni yote, hata kama ni kijiko, kwenye kalibu kavu ya matofali.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Miaka mingi eneo letu hili la West Nile lilikaa nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na, tangu 2012, kituo cha umeme wa maji cha Nyagak chenye megawati tatu na nusu. Gridi ilifika Arua mwaka 2024. Lakini kila fundi hapa anakumbuka umeme kukatika katikati ya mchemsho, feni ikanyamaza, na chungu kilichojaa kikaanza kuganda. Tatizo hilo halijaisha kwa sababu ya nguzo mpya. Weka feni ya mkono pembeni, ile inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli na mkanda, hata kama unayo ya umeme. Inatosha kulinda joto kwa dakika ishirini, mpaka mumwage kilichomo.

Feni yenyewe ina mwili unaochakaa, na watu wanaikumbuka ikishakufa. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nyumba ya beringi na mpini wake sikioni. Beringi nzima inavuma kwa sauti moja, kama nyuki walio mbali. Inayoanza kuharibika inakwaruza, inakatakata. Ukiisikia inakwaruza, una siku chache tu. Nunua nyingine kabla haijakwama ukiwa na alumini motoni. Vumbi la makaa ndilo adui wake, basi elekeza mdomo wa kuvutia hewa mbali na rundo la makaa na uufunike kwa wavu. Na bomba linalopeleka upepo ndani ya moto, mdomo wake unaungua na kufupika. Lipime kwa rula kila Jumatatu, kutoka ukutani hadi nchani. Likifupika, upepo haufiki tena katikati ya makaa, unagonga ukuta wa tanuri na kuutoboa, na wewe utasema makaa ya siku hizi ni mabaya.

Wafua chuma wa zamani walilijua jambo hili. Ule mdomo wa udongo wa mivukuto, ambao Waswahili wa pwani wanauita kewa, ulitengenezwa ukijulikana kwamba utaliwa. Katika miaka ya 1970, wazee wa Buhaya, upande wa Kagera nchini Tanzania, walijenga upya tanuri ya baba zao mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ambao waliandika matokeo yake kwenye jarida la Science mwaka 1978. Kewa za wazee hao ziliingia ndani kabisa ya tanuri, upepo ukapata moto humo ndani ya kewa kabla haujafika kwenye makaa. Kewa ilikuwa ni kifaa cha kutumika na kuisha, na aliyeijenga tanuri alikuwa amekwisha finyanga za kutosha. Sisi tunaingia na bomba moja la chuma na tunasali lidumu.

Ukuta wa tanuri nao usomwe. Tanuri nyingi ni pipa la mafuta lililokandikwa udongo kwa ndani. Udongo wa kichuguu ni mzuri, lakini peke yake unasinyaa na kupasuka. Upondeponde vigae vya vyungu vilivyovunjika au tofali zilizoungua, sehemu mbili kwa moja ya udongo, ukande na maji kidogo, ukandike kwa kiganja, uuache wiki nzima kivulini, kisha uupe siku moja ya moto wa kuni ndogondogo kabla ya feni. Nyufa kama nywele zisikutishe, zitakuwapo. Ufa unaoingiza ukingo wa sarafu ujazwe leo. Na unene wa udongo upimwe kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa: toboa tundu dogo kwenye pipa kutoka nje, sehemu tatu, zibe kwa udongo laini, kila mwezi, tanuri ikiwa baridi, sukuma spoki mpaka ichungulie ndani, na pima kilichozama.

Moto ukiwa unawaka, ngozi ya pipa inasema mengine. Vile vipima joto vya bunduki vya bei nafuu havifai kupimia ndani ya chungu, kwa kuwa vingi vinakoma kwenye nyuzi mia tatu na kitu au mia tano na kitu, na alumini inayong'aa inavidanganya, inavionyesha joto dogo kuliko lililopo. Lakini kwa kupimia pipa kwa nje vinafaa sana. Chora kwa chaki vituo sita, pima vilevile kila siku saa moja baada ya kuwasha. Kituo kinachopanda wiki hadi wiki wakati vingine vimetulia, nyuma yake udongo umekwisha. Asiye na bunduki hiyo achovye kidole kwenye maji na kurusha tone moja kwenye pipa, mbali na mdomo wa tanuri. Tone likichemka likakauka, pipa limepita nyuzi mia. Likidunda na kukimbia kama ushanga, limepita mia mbili, na ukuta hapo hauko. Tone moja la kidole, nimesema. Maji mengine yoyote yasikaribie tanuri, kwa maana tone likifunikwa na alumini iliyoyeyuka linageuka mvuke kwa kishindo na kurusha chuma cha moto usoni mwa waliosimama.

Kwa sababu hiyohiyo, chini ya tanuri pasiwe na saruji wala udongo wenye unyevu. Chimbeni shimo la kina cha kiganja na nusu, mjaze mchanga mkavu, mlifunike msimu wa mvua. Chungu kikitoboka, alumini iangukie huko. Mnachofanya ni kuzima feni, kurudi nyuma, na kumwaga mchanga mkavu ulio kwenye ndoo iliyokuwa tayari. Hakuna anayeokoa alumini. Na kwa kuwa tunaishi karibu na mipaka iliyoona vita, chochote kilichofungwa kisichojulikana kilichomo, kiwe kopo, silinda au kipande cha risasi, kisiingie kwenye chungu wala kwenye rundo la chakavu. Kipelekwe kwa polisi, na anayekileta aambiwe hivyo mbele ya wengine.

Haya yote yanahitaji daftari. Sioni aibu kulirudia jambo hili kwa mafundi ambao wengi wao wana akili kuliko mimi na hawapendi kuandika. Safu nne tu: tarehe, idadi ya michemsho, magunia ya makaa, na unene mdogo wa chungu. Baada ya mwezi mmoja daftari linaanza kusema mambo ambayo macho hayaoni. Mchemsho uliokuwa ukichukua dakika arobaini sasa unachukua hamsini na tano. Gunia lililokuwa likitoa michemsho mitatu sasa linatoa miwili. Bei ya makaa mnaijua. Kabla hamjamlaumu muuza makaa, pimeni bomba la upepo na ukuta, kwa sababu mara nyingi makaa yanayozidi yanalipia udongo uliokwisha. Kama kijana anayechochea moto hajui kuandika, apige vijiti kwa chaki kwenye mlango, na mwingine ahamishe jioni.

Viwanda vikubwa vinafanya jambo hilihili kwa vyombo vya gharama. Kwenye tanuri zinazoyeyusha chuma kwa koili ya umeme, maji ya kupozea yanapita ndani ya koili, na ukuta wa udongo wa moto ndio pekee unaoyatenganisha na chuma kilichoyeyuka; kwa hiyo kuna chombo kinachopima umeme unaovuja kwenda ardhini, na kikilia, tanuri inamwagwa hapohapo bila kuuliza bosi. Ukuta unapimwa kila zamu, na idadi ya michemsho yake inajulikana kabla haujakandikwa. Kwenye tanuri kubwa za kuyeyushia mawe ya chuma, vipima joto vya themokapo vimezikwa ndani ya ukuta kwa vina mbalimbali, ili wajue joto linasogea nje kwa kasi gani. Themokapo ya aina ya K inafika karibu nyuzi 1,200, na moja ingetosha karakana nzima ya Arua kwa alumini na shaba nyeupe. Vyuo vyetu vya ufundi vikituletea vijana wa mafunzo kwa vitendo, waje nayo. Wataondoka wamejifunza zaidi kuliko sisi.

Tofauti yetu na viwanda hivyo ipo zaidi kwenye kile chombo kinacholia kuliko kwenye fedha. Pale, uamuzi wa kumwaga ulifanywa zamani, tanuri ikiwa baridi, na watu wametulia. Kwetu unafanywa moto ukiwaka, mteja amesimama mlangoni, na mwenye karakana amekwisha kula malipo ya awali. Kwa saa kama ile hakuna fundi atakayesema chungu kimechoka. Mimi sikusema, na nilikuwa nimeona ule mfereji wiki moja kabla, nikasema moyoni kitafika Jumamosi. Kwa hiyo, wenye karakana, wekeni kikomo leo, kiandikeni ukutani kwa rangi, na mpeni fundi wa moto ruhusa ya kuzima feni bila kuwauliza. Sheria ya Uganda ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2006, imemwekea mwajiri wajibu wa kumlinda anayemfanyia kazi, na karakana ya watu wanne chini ya mwembe ni mahali pa kazi kama kiwanda kingine chochote. Wekeni na chungu cha akiba, kilichokwisha kupakwa na kukaushwa, kining'inie pale kila mtu anapokiona. Fundi mwenye chungu cha akiba husema ukweli upesi zaidi.

Chungu kile cha Arua tulikipima uzito Jumatatu yake, baada ya kukwangua alumini yote. Nusu ya mtungi mwingine wa aina ileile, tuliyoikata asubuhi hiyohiyo, ilikuwa na kilo sita na robo. Kilichotoboka kilibaki na kilo nne na robo. Kilo mbili za chuma zilikuwa zimekwenda, nyingine jivuni, nyingine kwenye sufuria za watu, na mzani ulikuwa duka la pili kutoka kwetu. Tafuteni mzani leo, ndugu zangu, na patasi ya kuandikia. Chungu chenu kipigwe namba na tarehe kabla ya moto wa kesho.